Rangi Juu ya Rangi

Nyumba njema si mlango, walisema waliotutangulia. Walikusudia tusiihukumu nyumba kwa uso wake kabla ya kuingia ndani. Hawakukusudia mlango uachwe ufe, wala hawakumpa mtu ruhusa ya kuuzika ungali unafanya kazi. Lakini hivyo ndivyo tufanyavyo. Anayepita katika mitaa ya Magomeni, Mwananyamala, Tandika au Temeke penyewe, akasimama mbele ya nyumba ya Kiswahili iliyojengwa miaka ya hamsini au sitini ya karne iliyopita, na akautazama mlango wake kwa makini, aghalabu ataona kwamba bawaba zake hazionekani. Zipo, kwani mlango umening'inia juu yake, ila zimefunikwa na tabaka kumi au zaidi za rangi ya mafuta: kijani juu ya buluu, buluu juu ya kahawia, kahawia juu ya manjano. Komeo limekuwa donge. Tumbuu imezibwa tundu lake. Vichwa vya parafujo vimejaa hata ncha ya bisibisi haipati pa kushika.

Makala haya yanahusu rangi hiyo na namna ya kuiondoa. Najua kwamba jarida hili ni la mashairi na insha, na kwamba wako watakaosema mada hii ni ya karakana. Hao nitawajibu mbele. Kwanza niseme ninachodai, ili atakayenipinga ajue anapinga nini. Nadai kwamba kupaka rangi juu ya rangi katika vyuma vya mlango ni uharibifu uliovishwa nguo ya usafi. Nadai pia kwamba njia mbili zinazotumika sana kuiondoa, yaani moto na mashine ya kusagia, ni mbaya kuliko rangi yenyewe, kwa kuwa zinaipeleka sumu katika vifua na vinywa vya watoto. Na nadai kwamba ipo njia ya tatu, ya maji, magadi na subira, ambayo hata fukara aweza kuimudu. Tumeiacha kwa sababu haina kelele wala cheche za kuwaonyesha majirani kwamba kazi inafanyika.

Tuanze na desturi. Nyumba zetu hupakwa rangi kwa Idd, kwa harusi, kwa mpangaji mpya, na kwa mgeni wa serikali atakayepita mtaani. Asili ya desturi hii ni njema. Pwani imepaka chokaa tangu zama za kale, na chokaa ni kitu kipole: hupitisha unyevu, hupukutika chenyewe, na kila mwaka hupokea mkono mpya pasipo kugeuka ganda. Rangi ya mafuta ina tabia nyingine. Hiyo ni ngozi. Ukiipaka juu ya ngozi nyingine hazichanganyiki. Moja inalala juu ya mwenziwe na unene unazidi. Ubao waweza kuuvumilia unene huo. Chombo kinachosogea hakiwezi. Bawaba ni mabamba mawili yanayozunguka kwenye msumari mmoja, na baina ya bamba na msumari pana nafasi nyembamba kuliko ukucha. Nafasi hiyo ikijaa, mlango hauzunguki tena kwa bawaba, unazunguka kwa kuivunja rangi. Na siku rangi inaposhinda, unazunguka kwa kung'oa parafujo kutoka kwenye mwimo. Ndipo mwenye nyumba anapotangaza kwamba mlango umezeeka.

Komeo nalo lina kisa hicho hicho. Fimbo ya chuma iliyokusudiwa kuteleza ndani ya pete zake haitelezi tena, basi kila usiku hugongwa kwa mchi au kwa jiwe hadi iingie nusu. Komeo lililoingia nusu halimzuii mwizi, na siku ya moto halimruhusu mwenye nyumba kutoka. Nyumba za vitongoji hivi zina nondo madirishani. Moto ukizuka usiku, njia ya kutokea ni mlango peke yake, na mlango huo tumeugandisha kwa mikono yetu tukisherehekea sikukuu.

Wapinzani wangu wana hoja moja yenye uzito, nami sitaikwepa. Wanasema: chuma cha pwani huliwa na hewa ya chumvi, na rangi ndiyo kinga yake. Hilo ni kweli. Nondo za dirisha la Msasani au la Kigamboni zikiachwa bila rangi kwa misimu michache ya masika, huanza kumomonyoka. Sina neno na rangi katika nondo, wala katika geti. Lakini hata huko rangi hukinga pale tu ilipopakwa juu ya chuma kilichosafishwa na kukaushwa. Ikipakwa juu ya kutu, kutu huendelea na kazi yake chini kwa chini, maana chumvi na unyevu vimefungiwa ndani pamoja na chuma. Baada ya muda rangi huvimba, huchanika, na maji mapya huingia. Ama viungo vinavyosogea, kinga yake haijapata kuwa rangi. Kinga yake ni mafuta, tone mojamoja, yanayotiwa na mtu anayekumbuka kwamba bawaba ipo. Na shaba ya manjano haina haja kubwa hata ya hayo, kwani hujivika yenyewe utando wa kahawia unaoitunza kwa miaka mingi. Anayeipaka shaba rangi ya mafuta anakinga kisichoomba kukingwa.

Sasa tuje kwenye kuiondoa, kwani hapa ndipo uzembe wetu unapogeuka hatari. Mlango ukishakataa kabisa, huitwa kijana. Kijana huzing'oa bawaba, akazitupa juu ya makaa na kupuliza hadi rangi iwake na kunuka. Au huleta mashine ya kusagia, ile waiitayo grenda, akazisugua kavu kavu hapo uani. Moshi unaingia jikoni. Vumbi la rangi zote linatua juu ya nguo zilizoanikwa, juu ya sufuria zilizofudikizwa, na juu ya sakafu anapotambaa mtoto. Katika muda mfupi bawaba inang'aa, na mwenye nyumba anamlipa kijana kwa furaha.

Katika moshi huo na vumbi hilo yamkini mna risasi. Si kila rangi ya zamani inayo, lakini hakuna jicho liwezalo kuitambua iliyo nayo, na kwa hiyo mwenye akili huzihesabu zote kuwa nayo. Katika karne iliyopita watengenezaji rangi duniani kote waliitia risasi kwa makusudi. Iliwapa manjano kali na machungwa. Iliwapa ile nyekundu iliyotumika kama rangi ya kwanza ya chuma. Iliifanya rangi ikauke upesi na istahimili jua na mvua. Sifa hizo ndizo hasa anazozitafuta mtu anayepaka chuma cha nje katika mji wa joto.

Lugha yetu haikuyatenga madini haya na kile kinachotoka katika mtutu wa bunduki. Vyote viwili tunaviita risasi, na sidhani kwamba tumekosea. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiwango cha risasi mwilini kilicho salama, na kwamba mtoto mdogo hufyonza mara nne hadi tano ya kile anachofyonza mtu mzima aliyemeza kiasi hicho hicho. Madini haya huingia katika damu, yakajificha katika mifupa, yakaudhuru ubongo unaokua. Aliyepigwa na risasi ya namna hii haanguki. Anakwenda shule kama wenzake, anakaa dawati moja nao, na mwalimu anaandika katika ripoti kwamba ni mzito wa kuelewa. Hakuna atakayeikumbuka siku bawaba zilipochomwa uani.

Elimu hii si ngeni duniani. Mwaka 1904, katika mji wa Brisbane nchini Australia, daktari Lockhart Gibson aliandika kwamba watoto wa jimbo la Queensland walikuwa wakiugua kwa risasi iliyotoka katika rangi za kuta na vizuizi vya baraza zao. Jua kali liliifanya rangi ipukutike kuwa unga, watoto wakaushika, wakatia vidole kinywani. Msomaji aone mfanano: nchi ya joto, nyumba za baraza, watoto wanaocheza nje. Mwaka 1921 mkutano wa Shirika la Kazi Duniani, Geneva, ulipitisha mkataba wa kuzuia rangi nyeupe ya risasi ndani ya majengo. Mwaka 1922 Queensland ikatunga sheria yake. Marekani ilingoja hadi mwaka 1978 ndipo ikaipiga marufuku rangi ya risasi majumbani. Na hapa kwetu shirika la AGENDA, lenye makao yake Dar es Salaam, limezipima rangi za mafuta zinazouzwa madukani zaidi ya mara moja katika karne hii, na limekuta risasi katika nyingi, hususan zile za rangi kali. Kwa hiyo tabaka zenye mashaka si za chini peke yake, zile za ukoloni. Za juu nazo hazina hati ya usafi.

Tena bawaba ina uovu wake wa pekee. Rangi iliyotulia ukutani, isiyobanduka wala kuguswa, yaweza kukaa bila kumdhuru mtu. Rangi iliyo kwenye kiungo cha bawaba husagwa kila mlango unapofunguliwa na kufungwa. Nyumba yenye vyumba sita na wapangaji sita hufungua milango yake mara ngapi kutwa? Kila mara unga kidogo hudondoka kizingitini, na ni pale kizingitini ambapo watoto hukaa. Ndiyo maana nasema vyuma vya mlango vishughulikiwe kabla ya ukuta, japokuwa ukuta ni mkubwa na bawaba ni ndogo kuliko kiganja.

Atakayeniambia kwamba natia chumvi, na aende Mombasa, katika kitongoji cha Owino Uhuru. Huko kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu, ambacho kilifungwa mwaka 2014, kiliwaachia wakazi risasi katika udongo na katika damu ya watoto wao. Walikwenda mahakamani. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Bawaba moja si kiwanda, nakubali. Lakini watu wa Owino Uhuru walikuwa na lango la kulinyooshea kidole na kampuni ya kuishtaki. Mama wa Tandale ambaye uani kwake kumesagwa rangi ya miaka sitini atamshtaki nani? Mwenye nyumba aliyetaka mlango ufunguke? Kijana aliyelipwa posho ya siku, na ambaye mapafu yake ndiyo yaliyotangulia kuipokea sumu hiyo?

Wengine hukimbilia dawa. Zipo dawa za kubandulia rangi zilizotengenezwa kwa kemikali iitwayo methilini kloridi, nazo hubandua kweli. Lakini mvuke wake umewaua watu waliofanya kazi vyumbani bila hewa ya kutosha, na mwaka 2019 Marekani ilipiga marufuku kumuuzia mtu wa kawaida dawa hiyo kwa kazi ya kuondoa rangi. Wengine hutumia petroli, ambayo haiilegezi rangi ya mafuta iliyokwisha kukauka, ila hutafuta tu cheche ya kuunguza nyumba.

Njia ninayoitetea ni hii. Kwanza kata rangi kwa ncha ya kisu kuzunguka bawaba, ukiwa umeilowesha, ili ubao usichanike. Safisha mfereji wa kila parafujo kwa msumari mkongwe, nao pia ukiwa na maji, kisha gonga kidogo na ufungue. Kila bawaba na parafujo zake ziwekwe katika kopo lake, na zitiwe alama ya mlango zilikotoka, kwani bawaba na mlango uliokaa nayo miaka sitini vimezoeana. Kitasa kifunguliwe kwanza na utumbo wake utolewe, springi hazichemshwi.

Chukua chombo cha chuma au chungu cha udongo. Usitumie sufuria ya alumini wala ndoo ya bati, kwa kuwa magadi hula alumini na hula pia zinki iliyopakwa juu ya bati. Chombo hicho kisirudi tena jikoni maishani. Weka vyuma, mimina maji yavifunike, tia magadi kiasi cha konzi moja kwa kila lita. Kazi ifanyike nje, watoto wakiwa mbali, moto uwe wa wastani, maji yatokote polepole kwa muda wa saa moja au zaidi. Hakuna uchawi ndani yake. Magadi huyashambulia mafuta yaliyokauka katika rangi na kuyageuza sabuni, kama vile majivu na mafuta ya nazi yalivyogeuka sabuni mikononi mwa bibi zetu. Joto nalo hukitanua chuma kwa kiasi kisicholingana na rangi, na mshikamano wao unalegea. Moto huu hauvuki joto la maji yanayochemka, nyuzi 100. Risasi huanza kutoa mvuke wa kudhuru kwenye joto la nyuzi 500 hivi, na makaa yanayopulizwa hupita hapo bila shida. Baina ya 100 na 500 ndipo ilipo tofauti ya njia yangu na ya kijana yule.

Vitoe vyuma kwa koleo, uvitie katika maji ya vuguvugu, na uibandue rangi humo humo majini kwa kijiti cha mwanzi na mswaki wa zamani. Itatoka vipande vipande kama ganda la yai lililochemshwa. Pakibaki mahali, rudia. Kanuni ni moja nayo haina ruhusa: rangi ya zamani isikwanguliwe ikiwa kavu. Ukimaliza, suuza na ukaushe papo hapo, maana chuma kilichovuliwa nguo huota kutu upesi. Kisha tia mafuta ya mashine kiungoni na upake nta kwenye mabamba. Iliyo ya shaba waweza kuisugua kwa limau na chumvi, au kwa ukwaju, na kuisuuza vyema. Ijaribu kwanza kwa sumaku: ikinata, ujue ni chuma kilichovishwa shaba, usiisugue sana.

Yale maji na maganda yasimwagwe mtaroni wala penye tuta la mchicha. Yachuje kwa kitambaa kizito, tia maganda pamoja na kitambaa katika kopo lenye kifuniko, nawa mikono kabla ya kula. Kopo hilo likiishia dampo la Pugu Kinyamwezi si suluhisho kamili, nami sitadai kwamba ni hivyo. Lakini sumu iliyofungwa koponi ni heri kuliko unga uliotandazwa juu ya mkeka. Ama nondo zisizong'oleka, ziacheni mahali pake. Rangi yake ikiwa imeshikamana, msiiguse. Ikiwa inabanduka, loweka, kwangua ile iliyolegea tu, kausha, kisha paka mara moja kwa utaratibu.

Nasikia jibu: washairi mna nafasi, sisi hatuna. Nalikataa jibu hilo. Saa moja ya maji ya moto haimnyimi mtu riziki, na magadi ni yale yale yatiwayo katika maharage. Kinachotunyima riziki ni kununua bawaba mpya nyembamba kila baada ya miaka michache, baada ya kuuza ya zamani kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Mizani ya chuma chakavu haiulizi kitu kilikuwa nini. Bawaba nzito iliyobeba mlango wa mninga kwa miaka sitini huwekwa pamoja na mabati yaliyooza, ikapewa bei moja ya kilo. Mafundi wa Keko, wanaosifiwa jiji zima kwa samani zao, wanajua thamani ya chuma kizuri juu ya mbao nzuri. Watu wa nyumba ndio wasiojua, kwa sababu hawajakiona chuma chenyewe tangu siku kilipopakwa.

Wala sisemi na wapangaji. Mpangaji hana amri juu ya bawaba. Nasema na wenye nyumba, ambao hupaka rangi ili wapandishe kodi, kisha humwambia mpangaji mlango ni wake akautengeneze. Rangi mpya juu ya bawaba iliyokwama ni namna ya kumdanganya mtu kwa brashi, na haifai kuitwa ukarabati.

Wasomaji wetu wa visiwani huenda wakadhani hili ni tatizo la Bara. Unguja ina Mamlaka ya Mji Mkongwe tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 mji wenyewe uliingizwa katika Urithi wa Dunia. Mlango wa Shangani ukiguswa, kuna wa kuuliza. Bara ipo Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo inataja kwa jina mlango wa mbao na fremu yake vilivyochongwa kabla ya mwaka 1940. Ni sheria njema. Lakini bawaba haikutajwa kwa jina, na mlango wa Magomeni wa mwaka 1955, usio na nakshi, hauna mtetezi. Kinondoni inacho Kijiji cha Makumbusho, ambako nyumba za makabila yetu zinatunzwa tangu miaka ya sitini. Nje ya ua wake nyumba za Kiswahili zinabomolewa mtaa kwa mtaa. Magomeni Kota zilibomolewa, na Machi 2022 majengo mapya yakazinduliwa kwa ajili ya kaya 644. Sina ugomvi na maghorofa wala na watu waliopata pa kulala. Ugomvi wangu ni na imani kwamba kisichochongwa nakshi hakina historia, na kwamba kilichozeeka dawa yake ni nyundo au kopo la rangi.

Sasa niwageukie waliosema mada hii si ya jarida hili. Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, mwaka 1960, alikuwa mshairi, Sheikh Kaluta Amri Abedi, yule yule aliyetupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954. Mtu yule alishika vina na akashika jiji, na hakuna aliyemwambia achague. Mimi ni mfasiri. Kila mwandishi wa ng'ambo ninayemfasiri, punde si punde humfungia mtu mlango, na hapo Kiswahili hunipa utajiri: kia, kiwi, pingo, komeo, tumbuu, bawaba, mwimo, kizingiti, mfaa. Waliotupa maneno hayo walikuwa na vitu hivyo mikononi. Mwanafunzi wa leo wa Temeke anaponiuliza tumbuu ni nini, siwezi kumwonyesha hata pale ilipo mbele ya macho yake, kwa sababu anachokiona ni donge la kijani. Hujibu kwamba ni kile chuma cha mlango. Kisha tunaketi katika makongamano tukilalamika kwamba msamiati wa vijana umepungua. Msamiati haupungui hewani. Hupungua pale kitu chenye jina kinapofichwa hadi hakiitwi tena.

Basi nayataka mambo manne. Wenye nyumba waache kupaka rangi juu ya bawaba, makomeo na vitasa. Wavifungue kwanza au wavifunge kwa karatasi, kazi ya robo saa kwa mlango. Mafundi wakatae kuchoma na kusaga kavu rangi ya zamani, na wawafundishe wanagenzi wao kukataa, kwa kuwa mapafu yanayotangulia kulipa ni ya mwanagenzi. Manispaa za Dar es Salaam zitenge hata pipa moja katika kila kata la kupokea maganda ya rangi, na maofisa wake wa afya waanze na shule za awali, kwenye milango na madirisha yenye watoto wengi. Na sisi tunaoandika tuyakusanye majina ya viungo vya mlango kutoka kwa mafundi wazee wa Temeke na Kinondoni, pamoja na kuviona viungo vyenyewe, kabla mizani ya chuma chakavu haijavichukua.

Atakayeona nimekosea na aandike, kurasa hizi ziko wazi. Ila kabla ya kushika kalamu, namwomba aende kwenye mlango wa nyumba yake, aitafute bawaba ya chini, na ahesabu tabaka.